Mkuba Aliyetaka Fulana

Wakati ule nilikuwa nasuka nywele katika saluni ndogo karibu na Warwick Junction, mjini Durban. Asubuhi moja aliingia Mhindi mwenye malori kule Clairwood, shati limelowa jasho, akauliza kama kuna mtu anayejua Kihispania.

“Nina Kireno,” nilimjibu. “Nilikaa Luanda, Angola, miaka mingi kabla ya kuja huku. Hizo lugha ni mabinamu.”

“Binamu anatosha. Twende, mama.”

Mwenzangu wa saluni, Mkongo kama mimi, alinifuata hadi mlangoni akipiga kelele: “We mama! Unaenda wapi na uyu mutu? Kichwa ya mama wa watu iko nusu!”

Nyuma ya ghala lake, kati ya matairi na marobota, tajiri alikuwa amejenga ulingo. Aliipenda ndondi kuliko malori, na ukiyatazama malori yake uliona hivyo. Katikati ya ulingo alisimama Mkuba mmoja mwenye kifua kama mlango wa kanisa na adabu za mtoto wa komunyo. Kwao alikuwa bingwa wa ngumi za ridhaa, ana medali za kujaza sufuria, lakini nchi yake haikuruhusu ngumi za kulipwa. Basi akaitoroka timu wakiwa mashindanoni Ulaya, na tajiri akamleta Durban. Shida ilikuwa moja: tangu afike, hakuna aliyejua anasema nini.

Nilimsikiliza. “Anataka fulana,” nikasema.

“Fulana ya nini?”

“Anasema kwao hupigana wamevaa fulana na kofia ya kukinga kichwa. Mtu mzima hasimami mbele ya akina mama chuchu nje.”

Tajiri alifunika uso kwa mikono. Ilibidi nimweleze Mkuba kwamba huku akina mama wanakuja kwa sababu hiyohiyo.

Nikawa mkalimani wake. Pambano la kwanza lilikuwa katika ukumbi mmoja mjini. Tajiri alichungulia chumba cha kubadilishia nguo, akasema muda umefika. Mkuba alikuwa anafunga kamba za viatu, akajibu bila kuinua kichwa: “Un rato!” Sasa, kwa Kireno rato ni panya. Nikaruka juu ya benchi. “Panya! Kuna panya!” Tajiri akapanda benchi lilelile, likavunjika, tukaanguka wote wawili, na kocha wa mpinzani akaja mbio na fagio. Mkuba alitutazama tulivyolala chini, akauliza polepole kama Waafrika huomba hivi kabla ya mchezo. Kwa Kihispania, kumbe, alikuwa amesema “kidogo tu, nakuja”.

Ulingoni alipendeza kumtazama. Anadonoa kwa mkono wa kushoto, anateleza, huyo kaondoka. Kengele ya kumaliza raundi ya tatu ilipolia, akainama mbele ya refa, akamkumbatia mpinzani, akawapa mkono makocha wake wote, kisha akapenya kwenye kamba kushuka. Mpinzani, fundi wa mabasi kutoka Umlazi, alidhani ameshinda, akapiga magoti kumshukuru Mungu.

“Rudi!” nilipiga kelele. “Bado raundi tatu!”

“Nani kasema? Kwetu ni raundi tatu tu!”

“Umetia sahihi!”

“Nimetia sahihi kwa Kiingereza!” alilia, lakini akarudi. Akashinda kwa pointi, na ukumbi mzima ukamzomea. Watu walikuja kuona damu, wakaoneshwa dansi. Ganda la chungwa lilinipata shingoni.

“Mwambie,” tajiri alisema, “watu hawaji kumtazama mwalimu akisahihisha madaftari.”

Nikamwambia. Mkuba akanijibu kwamba kichwa chake bado anakihitaji, na kwamba tajiri, kama anataka damu, aende buchani.

“Anasema atajitahidi,” nilitafsiri.

Miezi ikapita, akaendelea kushinda na kuzomewa. Kiingereza kilimshinda, ila Kizulu alikiokota kwa vijana waliopakia malori. Baada ya pambano lake la nne, mtangazaji alimsogezea kipaza sauti amuulize siri ya ushindi. Nilikuwa najiandaa kutafsiri, Mkuba akakinyakua. “Ngilambile!” akanguruma. Yaani, nina njaa. Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Kesho yake tulipopita Warwick, wanawake wa mahindi ya kuchemsha walimjaza mahindi ya moto mikononi hadi akashindwa kuwapungia. Tangu siku hiyo mashabiki wakawa wanaimba jina lake.

Hatimaye akapata pambano la mkanda wa jimbo. Siku chache kabla yake nilimpeleka kwenye duka la simu la jirani yangu ampigie mama yake. Alitoka macho mekundu.

“Amesema nini?”

“Amesema nisirudi nyumbani na meno pungufu. Halafu akakumbuka kwamba sirudi.”

Mimi pia nilikuwa nimepaacha kwetu Lubumbashi wakati wa vita, na kwa hilo Kireno hakikunisaidia kitu. Nikamnunulia soda.

Siku ya pambano aliongoza vizuri. Mpinzani, kijana wa mkono wa kushoto, alipiga hewa hadi akachoka. Halafu, raundi ya nane, ukumbi ukaanza kuimba jina lake. Nikamwona Mkuba anatabasamu. Akaacha kuteleza. Akasimama katikati, miguu imeota mizizi, wakaanza kubadilishana ngumi kama walevi wanaogombea kiti. Tajiri alikuwa anashangilia. Mimi nilikuwa namtukana kwa Kireno, Kiswahili na Kifaransa. Ngumi moja ilimpata jichoni, nyingine kidevuni, akalala. Alipoinuka, refa alikuwa amemaliza kuhesabu.

“Kwa nini, mjinga wewe?” nilimuuliza chumbani, nikimkandamizia barafu usoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

“Walikuwa wanaimba jina langu,” alisema. “Kwetu watu walikaa kimya, wanahesabu pointi. Ndiyo mara ya kwanza nimewasikia vizuri.”

Nililia, nikamchapa na taulo.

Daktari alisema jicho halitaruhusu ngumi tena. Tajiri alihuzunika kama wiki hivi, kisha akarudi kwenye malori yake, yakapona kidogo. Mkuba akapata ukumbi wa kanisa kule Westville, akawa anawafundisha watu wa ofisini kupunguza vitambi. Siku ya kwanza nilikwenda kutafsiri. Alitukimbiza sote, hata mimi mkalimani, tukizunguka ukumbi, akatupa kamba turuke, akatulaza chini, akatuinua. Nilikuwa nimeshikilia ukuta, roho iko mdomoni, wakati mhadhiri mmoja Mkenya aliponishika bega, naye akihema.

“Dada, tafadhali, anasema nini sasa?”

Nilimsikiliza Mkuba tena, nipate uhakika.

“Anasema tumepasha misuli vizuri. Sasa tuanze.”