Mkono wa Nne wa Jeneza

Cheka tu, nimekuruhusu. Mwanamke wa umri wangu, karani wa masjala ninayesubiri kustaafu, nimekwenda kununua mashine ya msasa ya mezani, tena ile ya bei ya chini kuliko zote dukani. Jirani yangu hapa Kibaha aliponiona naishusha kwenye bajaji akauliza, "Mama, na hilo nalo la kusaga nini?" Nikamjibu, la kusaga uvivu. Alidhani namtania.

Unajua nina kibanda changu nyuma ya nyumba ambako Jumamosi natengeneza vigoda na mbuzi za nazi, kwa kujifurahisha tu. Miaka yote nimesugua kwa mkono. Sasa na wewe ukitaka mashine kama hii, nisikilize: ya bei rahisi usiinunue kwa macho. Mwambie muuzaji aiwashe. Mkanda wake wa msasa ukihama pembeni na kuanza kula chuma, aurudishe katikati mbele yako. Akishindwa, muachie mwenyewe. Tikisa na meza yake. Mimi niliitikisa mpaka muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kupigana.

Ukishafika nayo nyumbani, adui yako ni vumbi. Kila ukimaliza kazi chomoa waya ukutani, ipige brashi, hasa pale mota inapovutia hewa. Mkanda ukiziba usiutupe. Iwashe, chukua kipande cha soli ya kandambili iliyochakaa, kisugue juu yake taratibu. Raba ile inang'oa uchafu wote na msasa unarudi mkali. Ukivalisha mkanda mpya, tazama mshale uliochorwa kwa ndani, maana ukiuvalisha kinyume unakatika. Wangu ulikatika siku ya pili, na kishindo chake kilimkimbiza paka wa jirani hadi leo hajarudi.

Lakini kuna jambo muuzaji hakuniambia. Ukiizima, mkanda hausimami palepale. Unaendelea kidogo, unapungua, shaa, shaa, shaa. Mara ya kwanza niliposikia, niligeuka nyuma kutazama nani ameingia. Ni sauti ile ile ya utoto wangu. Ni watoto wanasugua mbao kwa majani.

Nililelewa na Bibi na Babu, Kibuta, kule Kisarawe. Nyumba yetu ilinuka mihogo ya kuchoma na moshi wa kuni, na asubuhi kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja na kuwafungulia kuku. Bibi aliniita mke mwenzie, kwa sababu Babu aliniita mke mdogo, na wawili hao walinigombania kwa utani kutwa nzima. Kuku wote walikuwa wa Bibi na wote walikuwa na majina. Mtu akichomwa mwiba au kibanzi, ni yeye aliyekuwa akikitoa, kwa sindano aliyoipitisha kwenye moto. Alikukamata mkono akasema, "Nitajie majina ya kuku." Ukianza, Mtoro, Bi Harusi, Kipilipili, kabla hujafika wa nne mwiba umeshatoka.

Nyuma ya msikiti kulikuwa na miti ya msasa, ile ambayo majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Ndiyo yaliyokuwa msasa wetu kabla ya karatasi za dukani. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, mwalimu wa madrasa alituchumisha majani hayo. Mikeka ilianikwa, kuta zikapakwa chokaa, na sisi watoto tulipewa jeneza. La mbao, la kijiji kizima, lenye miti miwili mirefu na mikono minne ya kushikia. Lilioshwa, likakaushwa juani, kisha tukalisugua ili lisije likamchoma anayembeba mtu wake. Mwalimu alikuwa akisema mfiwa yanamtosha aliyonayo.

Mwaka ule, mwaka wangu wa tisa au wa kumi, nilipangiwa mkono wa nne, upande wa kichwani, wenye kifundo cha mti kama jicho. Wenzangu wakanitia hofu. Walisema anayesugua upande wa kichwani, jeneza linakwenda kwao. Basi nikakaa pale najifanya nasugua, na mwalimu alipogeuka nikayasugulia majani yangu kwenye ngazi ya saruji ya msikiti mpaka yakaisha meno. Maana nilimjua mwalimu wetu: hakukagua mbao, alikagua majani. Alipoyaona yangu yamelainika akasema, "Mashaallah, huyu kafanya kazi." Nikapewa tende mbili. Nilizila zote.

Bibi alifariki kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Alilalamika kichwa siku mbili, ya tatu hakuamka. Na kweli jeneza likaja kwetu.

Sisi wanawake hatuendi makaburini, unajua. Nilisimama uwanjani katikati ya kanga za mama zangu, nikaliona linatoka. Babu alikuwa ameshika mkono wa nne. Nilikijua kile kifundo. Desturi ni watu kupokezana, kila hatua chache mwingine anaomba thawabu, lakini walisimulia baadaye kwamba Babu alikataa kupokewa njia nzima. Waliomwomba aliwatikisia kichwa tu.

Waliporudi alikaa kizingitini, akaniita. "Mke mdogo, njoo na sindano." Kiganja chake kilikuwa na kibanzi kirefu, cheusi, kimezama chini ya ngozi. Aliyekuwa akitoa vibanzi tulikuwa tumetoka kumzika, kwa hiyo nikaipitisha sindano kwenye moto mimi. Nikamkamata mkono, nikasema, "Babu, nitajie majina ya kuku." Akasema, "Mtoro." Hakumtaja wa pili. Nilipokitoa alikichukua, akakitazama muda mrefu, kisha akasema, "Bibi yako huyu. Alinikamata mkono, hakutaka nimwachie."

Nilitaka kusema, wallahi nilitaka. Neno lilikuwa hapa kooni. Lakini uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nami nikaingia ndani nikajifunika mkeka, nikalia hadi nikapata homa. Watu walisema mtoto anamlilia bibi yake.

Tangu hapo Babu aliisimulia habari ile kwa kila mtu. Alikuwa akiugusa ule ugumu uliobaki kwenye kiganja anasema, "Alinishika hapa." Alizeeka nayo. Alipofariki yeye, jeneza lile lile lilimpitisha uwanjani, na wanaume waliporudi nilisimama kando ya ndoo ya kunawia nikawamwagia maji mmoja mmoja, nikitazama viganja vyao. Sikuona damu. Nikarudi Kibaha na siri yangu, na sikuwahi kulala vizuri mwezi wa Shaabani, ule wa kabla ya Ramadhani.

Sasa unaelewa kwa nini nilinunua mashine. Mjomba wangu, mtoto wa mwisho wa Bibi, ndiye anayetunza ufunguo wa msikiti siku hizi. Alinipigia simu kwa mambo mengine, akagusia kwamba jeneza limelegea na wanalifungua kulitengeneza. Nikamwambia, "Mjomba, niletee miti yake nikupigie msasa." Akacheka, "Kwa mikono hiyo ya kalamu?" Nikasema ninayo mashine. Sikuwa nayo. Nilikwenda dukani siku iliyofuata.

Aliileta kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ile miti miwili imetoka nyuma imefungwa kitambaa chekundu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda na kikombe cha chai. Nilikuwa nimeazimia: nikimaliza mkono wa nne, namwambia kila kitu. Nilianza na ule wa kwanza. Mjomba mwenyewe alinishikia mti upande wa pili, vumbi likaruka, harufu ya mbao kuukuu ikajaa kibandani. Wa pili. Wa tatu. Mkanda ukaziba, nikausafisha kwa kandambili, nikageuza mti. Kifundo kikanitazama.

"Huo acha," Mjomba akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya kwa kelele. Nikaizima. Shaa, shaa, shaa.

"Huo hatuugusi kwa mashine. Ndio mkono wa Bibi yako. Hujui? Tangu Babu asimulie, kila mfiwa anaukimbilia huo. Watu nusura wasukumane. Nilipompeleka mke wangu kaburini nilishika hapo mimi."

"Na yeye alikushika?"

Mjomba aliangalia kikombe chake. "Alinishika," akasema.

Nikaweka kiganja juu ya mkono wa nne. Nikakipitisha mbele, nikakirudisha nyuma, nikatafuta kwa vidole kuzunguka kifundo chote. Palikuwa laini kuliko ile mitatu niliyotoka kuipiga. Kazi niliyoikimbia mimi walikuwa wameimaliza wao, msiba baada ya msiba, na hapakubaki hata unyuzi mmoja wa kunichoma. Nilikuwa nautaka, ndugu yangu. Niliutafuta kama mtu aliyeangusha pete.

Miti ya msasa nyuma ya msikiti ilikatwa zamani, pana vyoo vya matofali sasa. Mwalimu naye walishampitisha kwenye jeneza hilo hilo. Kuku wa Bibi nimebaki na majina matatu, la nne limenitoka.

Nilimsaidia Mjomba kupakia. Alipoushika ule mti kwa upande wa kifundo, neno likanipanda tena kooni, lile lile la siku ile, halijazeeka hata kidogo, lakini lililotoka lilikuwa jingine.

"Mjomba, angalia usichomwe."

Akanitazama kwa kunishangaa. "Huu?" akasema. "Huu haujawahi kumchoma mtu, mama, ila Babu yako."