Kitabu cha Punda

Bibi yangu alifungia bhajia mwisho wa hadithi. Simlaumu. Wateja walikuwa mlangoni, karatasi zilikuwa zimemwishia, na kitabu cha mwanawe kilikuwa pale juu ya kiti. Kilikuwa kitabu chembamba cha shule ambacho Baba alijifunzia kusoma kule Pwani, chenye hadithi moja tu, ya punda wa kubeba maji aliyemtoroka bwana wake akashika njia ya bara. Jalada lilikwenda na bhajia za kwanza, kurasa za mwisho zikafuata. Kilichobaki kiliishia pale punda amesimama penye njia panda na mvua inaanza kunyesha.

Baba alikihifadhi hivyo hivyo, akaja akatusomea sisi wanawe. Akifika njia panda hufunga kitabu, kisha huendelea kwa kichwa, na kila mara punda aliishia pengine. Kaka yangu alitaka aliwe na simba, na siku akiwa na adabu alipewa simba wake. Mimi nilikuwa na mwisho wangu: punda anarudi nyumbani alfajiri, anamkuta bwana wake amejitwika madebe mwenyewe, mgongo umempinda, naye anamsogelea na kuinamisha kichwa ili aupokee mzigo. Nililia kila niliposimuliwa, na kesho yake niliutaka tena.

Tulipohamia Nairobi kitabu kikapotea, na punda tukamsahau.

Siku hizi Baba anaishi nami Uthiru, tangu Mama alipofariki. Jicho lake moja lina mtoto wa jicho, la pili lina presha, na daktari alipotupa siku ya upasuaji, Jumatatu, hakutuficha: huenda ukamsaidia, huenda asione tena kabisa. Baba akaitikia "Alhamdulillahi" kama mtu aliyeletewa chai. Tulipokuwa tukirudi nyumbani ndipo aliposema.

"Kabla hawajanigusa, nataka kuujua mwisho wa yule punda."

"Nitakitafuta, Baba. Nikikipata nitakusomea."

"Kusomewa si kusoma. Kusomewa, redio inanisomea kutwa. Nataka nisome mimi, kwa macho yangu, maadamu yapo."

Sikuwa na shaka kwamba yapo. Kila asubuhi baada ya uji alisimama mbele ya kalenda tuliyopewa na duka la saruji, pua nusura iguse ukuta, akanitangazia siku na tarehe. Sikumbuki hata siku moja aliyokosea.

Mimi sijui kukaa kitako. Nikisubiri maji yachemke huwa nimeshafagia ua na kuanika nguo. Baba husema nilizaliwa nikiwa nimechelewa. Ile methali ya haraka na baraka amenipigia tangu utotoni, mpaka siku hizi anasema "Haraka haraka" kisha ananyamaza, ananiachia nimalizie mwenyewe, nami simalizii, makusudi. Jumamosi ile aliniambia hivyo nikiwa nafunga mtandio mlangoni. Kituoni Uthiru nilipita mbele ya duka dogo linalouza kalamu, kadi na vitabu vikuukuu kwenye maboksi, mwenyewe ndiyo kwanza anafungua mlango wa bati. Sikusimama. Nilijiambia kitabu cha namna ile hakiwezi kuwa hapa, pua na mdomo na nyumba yangu, nikaenda zangu mjini.

Katikati ya jiji vitabu vya mtumba hupangwa chini juu ya magunia, kando ya kuta za benki na kwenye ngazi za maduka ya simu. Niliyeanza naye alikuwa mwanamume wa ndevu aliyevaa aproni yenye mifuko mingi.

"Niaje madam. Unatafuta gani?"

"Kitabu cha hadithi, cha zamani. Cha punda."

"Inaitwaje?"

"Sijui. Jalada lilifungiwa bhajia."

Akanitazama kidogo. "Nani aliandika?"

"Sijui pia."

"Lakini punda unamjua."

"Punda namjua."

"Basi iko. Nipe dakika mbili. Niangalilie kazi hapa."

Akatoweka. Ndivyo wafanyavyo. Muuza vitabu wa mjini hasemi hana, maana akisema hana amemfukuza mteja. Atasema "iko", akuachie biashara yake uilinde, kisha apige mbio kwa mwenzake, na mwenzake kama hana apige simu kwa mwingine, mpaka kitabu kipatikane kilikojificha. Wewe kazi yako ni kusimama pale pale. Nilisimama. Mama mmoja akadhani mimi ndiye mwenye mali, nikajikuta nabishania bei ya kamusi isiyo yangu. Dakika mbili zikapita, zikaja nyingine nyingi. Miguu ikaanza kuniwasha. Nikamwomba muuza soksi wa jirani aangalie vitabu, nikaenda zangu mbele.

Kwenye gunia lililofuata nikauliza tena punda. "Iko. Nipe dakika mbili." Na lililofuata. Nikapanda ghorofani, kwenye chumba cha vitabu kilichobanwa katikati ya mafundi cherehani, nikauliza, nikaambiwa iko, nikasubiri nusu ya subira, nikashuka. Sijui niliacha vitabu vya watu wangapi mikononi mwa wauza soksi siku ile.

Nyuma ya msikiti kuna duka la vitabu vya dini la mzee mmoja wa kwetu Pwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza watu wa wapi, nyumba gani, siku hizi nakaa wapi, bibi yangu mzaa baba alitoka mtaa gani, na babangu hajambo. Nilijibu yote huku kisigino kikipiga sakafu. Mwisho tukamfikia punda.

"Huyo namkumbuka," akasema. "Anacho mtu mmoja huko huko kwenu Uthiru, hapo kituoni, mwenye maboksi. Keti, mwanangu, nimpigie simu."

Hakuwa hata amevaa miwani ya kutafutia namba. Nilishafika barabarani.

Mwenye maboksi alinipokea kwa masikitiko. "Pole. Nilikuwa nayo hadi asubuhi hii. Imebebwa na mtu wa boda, imeenda tao, huko mjini. Leo kila mtu ako na mteja wa hiyo punda. Miaka hakuna mtu ameiuliza, halafu leo simu haikauki."

"Imeenda kwa nani?"

"Hapo sasa. Huyu anapea yule, yule anapea mwingine. Uliza mama wa Adams Arcade, yeye hujua zote zinapita wapi."

Nilikuwa na hasira mpaka machozi. Nilimkasirikia boda, nikamkasirikia bibi na bhajia zake, na hao wateja wengine wa punda niliwaombea mabaya. Watu gani hawa, wameamka Jumamosi moja na kutaka kitabu kile kile, wakati baba yangu amebakiwa na Jumapili peke yake? Kwa hasira hiyo nikaenda Adams Arcade.

Mama mwenyewe alikuwa na kibanda kilichojaa vitabu mpaka kwenye dari, na simu mbili mapajani. Niliposema punda akainua mkono kunizuia.

"Hiyo imeshikwa, dada. Watu wanaipigania. Kuna mama mmoja wa mtandio wa samawati, hapo karibu na benki. Kuna mwingine wa mkoba wa kahawia, huyo aliachia mtu kazi yake akatoroka. Kuna mwingine aliingia kule juu kwa mafundi, wanasema hakai."

Akautazama mtandio wangu. Akautazama mkoba wangu.

"Hao wote ni mimi," nikasema.

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga aliyojifunga kiunoni. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni. "Ukiuliza mmoja wetu, umeuliza jiji lote. Sasa wewe umeuliza kila mtu, na kila mmoja anafikiria ako na mteja wake. Kitabu ni moja inazungushwa, na wewe pia unazunguka. Mtapatana wapi?"

"Sasa nifanye nini?"

"Keti."

Akawapigia wote kuwaambia mteja ni mmoja na yuko kwake. Akanipa kigoda na chai. Mtu asiyenijua angeona nimepumzika. Nilianza kupanga rafu yake ya chini, akaniambia, "Wacha mikono, hapo nimepanga." Nikatoka kutazama barabara, nikarudi. Nikatoka tena, akanivuta kwa mtandio. Nikaketi, na nilipoketi lile nililokuwa nalikimbia likanifikia. Niliogopa. Tangu siku ya daktari nimekuwa nikifua, nikifagia na kutembea ili nisimwone Baba akipapasa ukuta wa nyumba yangu kutafuta mlango. Pale kwenye kigoda nilimwona. Nikalia mbele ya mwanamke nisiyemjua, naye akaniongezea chai bila kuuliza.

Kitabu kililetwa alasiri imeingia, na aliyekileta alikuwa yule wa ndevu, jasho linamtoka.

"Madam," akasema, "si nilikuambia dakika mbili?"

Kilikuwa na jalada la kijani na punda amechorwa amegeuza shingo. Nilihakikisha kurasa za mwisho zipo, lakini sikuzisoma. Huo ulikuwa mwisho wa Baba, aufungue yeye.

Jumapili asubuhi nilimwekea kiti uani, penye jua zuri. Alikipokea kwa mikono miwili, akalipapasa jalada, akakinusa. "Ndicho," akasema. Kisha akasoma. Alisoma kimya, kitabu karibu na uso, akipindua kurasa kwa mwendo wa mtu asiye na pa kwenda, nami nilijilazimisha kukaa jikoni nikimtazama dirishani. Mara moja alitabasamu. Alipofika mwisho alikifunga, akakaa kidogo, kisha akaniita.

"Alirudi," akaniambia. "Wewe ndiye uliyekuwa na haki, kaka yako na simba wake hakuna kitu. Alirudi alfajiri, akamkuta bwana wake amejitwika madebe. Akainamisha kichwa, akapokea mzigo."

Nikafurahi kupita kiasi. Nilitaka kumpigia kaka yangu papo hapo. Baba akaingia ndani kutia udhu wa adhuhuri, nami nikakichukua kitabu nikafungua ukurasa wa mwisho, niuone neno kwa neno.

Punda harudi. Mvua inanyesha, anashika njia ya kushoto, anapata bwana mpya mwenye shamba la mahindi, na sentensi ya mwisho inawausia wanafunzi wafanye kazi kwa bidii. Nilisoma mara mbili. Nikarudi nyuma kurasa kadhaa, labda nimeruka kitu. Hakuna alfajiri, hakuna madebe.

Nikaingia sebuleni nikasimama mbele ya kalenda ya duka la saruji, pale asimamapo yeye. Ilikuwa ya Machi. Sisi tulikuwa Mei, na hakuna aliyeipindua. Redio ndiyo iliyokuwa ikimpa tarehe. Herufi zilikuwa zimemwacha zamani, naye alikuwa akisimama pale kila asubuhi kwa ajili yangu, nisiogope. Sijui kama aliponituma kutafuta kitabu alikuwa bado na tumaini, au alijua wazi na akataka tu kukishika mkononi.

Alimaliza kusali akaja akakaa kwenye kochi, akanitafuta kwa sauti.

"Umekiangalia?"

"Nimekisoma, Baba."

"Ndivyo kilivyo?"

Chungu kilikuwa jikoni, nguo zilikuwa kwenye beseni, na mfuko wa hospitali ulikuwa haujafungwa. Nikakaa kitako karibu naye.

"Ndivyo, Baba," nikasema. "Anarudi alfajiri." Akaupapasa mkono wangu, na sikuinuka.