Laita ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alivuta kiko, na mama mkwe wangu alikuwa Msabato. Waliishi hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini: mzee nje kwenye kigoda chake, upande wa shamba la chai, mama ndani na Biblia yake. Moshi ukikosea njia ukaingia ndani, mama alifunga dirisha bila kusema neno. Nilipoolewa katika boma hilo, juu kidogo ya Magwagwa, nilidhani watu hawa wamenuniana. Ilinichukua mwaka mzima kutambua kwamba ndivyo wanavyopendana.

Mimi natoka upande wa ziwa. Ekegusii changu kilikuwa cha salamu na cha kununua ndizi, basi mimi na mzee tulizungumza Kiswahili, na tulizungumza kwa mbali. Yeye kwenye kigoda, mimi mlangoni pa jikoni, mtoto mgongoni. Tuliongea juu ya mvua, habari za redio, na ng'ombe wake mmoja ambaye alimsifu kuliko alivyowahi kumsifu mwanawe, mume wangu. Sikulelewa na baba. Nilimpenda mzee yule, na sioni haya kulisema.

Kisha kiharusi kikampitia. Hakikumlaza kitandani, lakini kilimchukulia kidole gumba cha mkono wa kulia na kumwachia mtetemeko. Kuchuma chai hakuweza tena, maana chai huchumwa kwa gumba na kidole cha pili. Hayo aliyakubali. Kilichomtesa ni njiti ya kiberiti. Alibana kiko kwa meno, akashika kiberiti kwa mkono wa kushoto, akajaribu kukwangua kwa wa kulia, njiti ikavunjika, akachukua nyingine. Mchana mmoja wa manyunyu nilihesabu njiti sita miguuni pake.

Na mimi, nikiona mtu anahangaika, miguu hutangulia akili. Nilitoka jikoni nikamchukulia kiberiti mkononi, nikawasha, nikakinga moto kwa kiganja, nikausogeza usoni pake. Mkono wake ulioinuka kushika kiko ulipotetemeka, nikaushika kifundo ili utulie.

Hakuvuta. Njiti iliwaka ikaisha, ikaniunguza vidole. Mzee akasimama, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nyuma ya zizi la ng'ombe. Kesho yake akakaa huko huko, na kesho kutwa.

Mume wangu hufanya kazi Nakuru na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilimpigia simu.

"Ulimshika mkono?" akauliza. "Baba? Ukamkaribia uso?"

"Alikuwa anashindwa."

"Sasa wewe, hiyo ni chinsoni!"

Chinsoni ni ile heshima ya watu wa huku, yenye aibu ndani yake, inayoweka nafasi kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Humgusi baba mkwe. Hata chai, unaiweka mezani, unarudi nyuma, ndipo anaichukua. Nisijifanye sikujua, maana kwetu pia mkwe ni mkwe. Nilijua, nikasahau kwa sababu ya njiti sita.

Kwenda kumwomba radhi kwa maneno kungekuwa kumkaribia mara ya pili. Nikawaza hivi: mzee huyu hakukimbia moto, alikimbia kuwashiwa. Akipata moto anaoweza kuuwasha mwenyewe, atarudi mahali pake. Asipopata, kigoda kitabaki nyuma ya zizi, naye ataacha kiko kimyakimya huko, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemnyang'anya.

Nina cherehani yangu ya kushonea watu nguo mjini Keroka, chini ya kibaraza kimoja karibu na mahali malori yanapopumzika. Huko nilinunua kwanza laita, kiberiti cha gesi, ile ya plastiki inayouzwa kila kibanda, ya kijani. Sikuweza kumpa mwenyewe, basi nilimwomba mama mkwe. Nilidhani atakataa.

"Moto si dhambi," akasema. "Dhambi ni moshi." Akaichukua, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, pale mzee anapoweka dawa zake.

Jioni ilikuwa pale pale. Laita hizo zina kigurudumu kidogo cha kusokota kwa gumba, na gumba ndilo lililolala. Mshona nguo mzima, ninayeishi kwa vidole, nisilione hilo! Nikarudi na nyingine, ya kubofya, ambayo muuzaji aliniapia haizimwi na upepo hata wa juu ya kilima. Kweli haikuzimika. Ilitoa moto wa bluu wenye kunguruma, mzee akaibonyeza kwa kiganja, na moto ukala ukingo wa kiko chake cha mti. Aliirusha kwenye migomba. Mama mkwe aliniletea habari hiyo akiwa ameuma mdomo, na mpaka leo sijui kama alikuwa akizuia hasira au kicheko.

Siku iliyofuata nilienda kwa mzee mmoja wa Keroka anayetengeneza miavuli, kufuli, saa, na kujaza laita gesi. Madereva wa malori wanamwamini. Nilimweleza.

"Hiyo ya bluu ni ya kuchomea," akasema. "Kiko inataka moto pole, moto ya njano. Ukivuta, yenyewe inainama inaingia kwa tumbaku. Na usinunue ya petroli, atakuwa anakunywa petroli." Akanitazama juu ya miwani. "Sasa niambie, huyo mzee mkono yake inaweza nini?"

"Gumba halifanyi kazi."

"Sijauliza kile haiwezi. Nimeuliza kile inaweza."

Nilikuwa nimeutazama mkono ule wiki nzima kwa huruma, na huruma haikuwa imeniambia kitu. Nikaona haya mbele ya yule fundi, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Asubuhi nilisimama kwenye dirisha la jikoni kulipokucha. Mzee alikuwa anakamua. Ng'ombe wake hakamuliwi na mtu mwingine. Mama mkwe alishapigwa teke, na mume wangu hata zizini haingii. Nilisikia maziwa yakipiga ndoo kwa nguvu, kwa mpigo mmoja usiokosea. Mkono wa kulia haukutetemeka. Gumba lilikaa tu pembeni, na vile vidole vinne vikafumba na kufumbua, vikafumba na kufumbua. Nilisahau uji motoni ukafurika.

Mchana huo nilimwonyesha fundi kwa mkono wangu: vinne, hivi. Akainama kwenye debe lake la vipuri, akafukua kwa muda mrefu, akatoa laita ya chuma iliyochakaa, yenye ulimi mpana ubavuni. Ukiikumbatia kwa vidole vinne na kuubana ulimi ule kwenye kiganja, kifuniko hufunguka na moto mdogo wa njano hutoka kwa pembeni. Akaibadilishia jiwe la cheche, akaijaza gesi, akaanza kuiwasha mbele yangu, akitaka ifike mara ishirini. Mara ya kumi na moja ilikataa. Akaifungua yote, akasafisha, akaanza kuhesabu upya.

"Ikikataa hapa kwangu, hakuna shida," akasema. "Ikikataa kwake akiwa anatazamwa, hataishika tena."

Mama mkwe aliiweka dirishani. Siku ya kwanza haikuguswa. Siku ya pili haikuwepo, na nyuma ya zizi nikasikia mlio wake mdogo, mara moja, kisha kimya, kisha tena. Anajifunza, nikajiambia, na nikajizuia kwa nguvu zote nisiende kuchungulia.

Siku ya tatu alikuja na kigoda chake, akakiweka mahali pake pa zamani, akaketi. Nilikuwa ninaosha vyombo. Akashindilia tumbaku, akaikumbatia laita, akabana. Ikawaka mara ya kwanza. Moto ukainama ukaingia kwenye kiko, ukainuka, ukainama tena. Niliendelea kusugua sufuria moja ambayo ilikuwa imeshatakata zamani.

"Mama," akaniita, kama wazee wa huku wanavyowaita wake za wana wao. Alikuwa anatazama chai.

"Naam, baba."

"Nani alikuambia mambo ya hivi vidole?"

"Hakuna mtu. Nilikuona ukikamua."

Akavuta, akatoa moshi. "Kumbe unachungulia watu asubuhi."

"Unisamehe, baba. Na ile siku nyingine pia."

"Ile siku ulinifanya mtoto," akasema, bila ukali. Niliogopa kwamba nikipumua vibaya atasimama tena, lakini akaendelea. "Daktari alisema hii mkono itaendelea kulala. Leo gumba, siku ingine hivi vingine. Ng'ombe anajua mtu mmoja tu, na huyo bwana yako anaogopa teke. Kesho ukuje zizini."

"Sijui kukamua, baba."

"Najua. Nitakufundisha nikiwa bado naweza."

Machozi yalinijia, na mikono yangu ilikuwa na sabuni, nikayaacha yashuke. Nilitaka sana kusema ndiyo. Lakini nilishawahi kukimbilia kumsaidia mara moja, na safari hii nikauliza kwanza.

"Na chinsoni, baba?"

Aliigeuzageuza ile laita kwenye kiganja.

"Wewe utakaa upande ule, mimi upande huu," akasema. "Ng'ombe atakuwa katikati."