Mwenye Mzigo Ndiye wa Kupishwa

Jumamosi, fainali ya vyuo ya wasichana, zimebaki dakika mbili, nilipuliza filimbi bila chembe ya shaka. Nikashika kiuno kwa mikono miwili, maana ndiyo ishara yetu waamuzi wa kikapu ya kusema mlinzi kaziba njia. Mama yangu angeniona nimeshika kiuno vile mbele za watu angenisema wiki nzima. Nikamnyooshea kidole binti mmoja mrefu mwenye jezi ya njano, nikawaonyesha watu wa meza vidole vitano. Faulo ya tano. Ukifikisha tano unatoka, na hurudi tena.

Pembeni, kwenye viti vya plastiki, walikaa wachaguzi wawili na daftari lao. Walikuwa wanatafuta wasichana kumi na wawili wa kwenda kwenye michezo ya vyuo vya nchi nzima. Yule binti alikuwa mwaka wa mwisho. Mwaka uliotangulia malaria ilimlaza wiki ile ile ya mchujo. Nafasi yake ilikuwa hii, nyingine hakuna, na mimi nilijua vizuri, kwa sababu alinieleza mwenyewe kwenye semina ya mwanzoni mwa msimu, nilipowafundisha sheria wachezaji wa vyuo vyote.

Na niliwafundisha nini? Niliwaambia hivi: watu wakigongana, msiangalie nani kaanguka, wengine huanguka kwa mbwembwe zao. Angalieni nani alifika kwanza. Mlinzi akishaweka miguu yote miwili chini, kamkabili mwenye mpira, katulia, pale ni pake. Mwenye mpira akimvamia, kosa ni la mwenye mpira, na hiyo ndiyo tunaiita chaji. Mlinzi akichelewa, akajipenyeza wakati mwenzake keshaondoka, kosa ni la mlinzi. "Fika, simama, usihame," niliwaimbisha kama watoto wa chekechea, maana kazi yangu ya siku zote ni ualimu wa msingi.

Binti hakubisha. Angebisha ningepata pa kumshika, ulimi ninao. Alinitazama tu, akasema polepole, "Mwalimu, nilisimama." Nikamwambia akakae. Timu yake ikafungwa.

Mwamuzi mwenzangu ni mtu wa Dodoma, mtani mkubwa. Mechi ilipokwisha alinifuata na simu mkononi. "Dada, njoo uone maajabu."

Mwanafunzi mmoja alikuwa amerekodi. Nikamwona binti wa njano amefika. Miguu miwili chini. Kifua mbele. Mwenye mpira bado yuko mbali, anapiga hatua moja, mbili, tatu, halafu anamvaa yule binti mzima mzima. Na nyuma yao, mimi, nimeshika kiuno.

La haula! Nilirudisha nyuma, nikaangalia tena, na tena. Nikakaa chini pale pale kwenye saruji.

"Mbona hukupuliza wewe?" nikamfokea.

"Upande ulikuwa wako, na filimbi yako ina haraka kuliko ya trafiki." Halafu akaacha utani. "Nikuulize dada. Lini umewahi kumpa mlinzi haki yake?"

Nikamwambia aende zake kwao akale zabibu. Lakini nyumbani, hata chakula sijagusa, nikafungua video zote za msimu ambazo wachezaji hutumiana kwenye kundi lao. Mechi nne nilizochezesha. Kila mgongano, mimi na kiuno changu. Kila mmoja! Rushwa sijala, upande sina, sheria naijua kwa ukurasa. Sasa ni nini hiki?

Jumapili nilipanda gari hadi Mkuyuni, nikaanza kukwea mlima kwenda kwa mama. Njia ya kwetu ni nyembamba: huku ukuta wa udongo mwekundu, huku bonde. Kwenye kona akatokea mwanamke anashuka na mkungu wa ndizi kichwani. "Mzigo!" akaita.

Mguu wangu ulikuwa tayari umo kwenye majani. Sikuamua. Sikufikiri. Mwili ulijipisha wenyewe.

Nikabaki pale mdomo wazi. Kwetu anayeshuka na mzigo hasimami, akisimama anaanguka. Wewe mtupu ndiye wa kupisha. Nilikuwa na miaka saba hivi nilipoona ubishi mzuri, nikasimama katikati ya njia mbele ya shangazi aliyebeba kapu la mihogo. Alinigonga, tukabiringika wote, mihogo ikaenda bondeni. Mama hakuuliza nani alifika kwanza. Alinizaba kofi ambalo mpaka leo nalisikia. Kumbe miaka yote hii sheria iko kichwani tu, na filimbi yangu inamtii mama.

"Vipi wewe, mbona unanitumbulia macho?" yule mwanamke akauliza akinipita. Nikamwomba radhi.

Mama nilimsimulia yote, nilipokwisha kumwamkia na kuketi jikoni. Alisikiliza huku anamenya ndizi, halafu akaniuliza kwa mshangao wa kweli: "Sasa huyo asiye na mpira, alikuwa anangoja nini njiani?"

Nilicheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

Jumatatu nikampigia mmoja wa wale wachaguzi. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, video ninayo. Akanisikiliza kwa adabu. Orodha ilikuwa imeshapelekwa, akasema, na kwani wangemchukuaje mlinzi anayetolewa kwa faulo tano? Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikata simu nikaitukana, simu ya watu haina kosa.

Jumatano jioni nikaenda uwanjani kumwomba radhi mwenyewe. Nilimkuta anacheza na wenzake. Mwenye mpira akaja, binti akasogea kando. Mpira kikapuni. Akaja mwingine, akasogea. Akaja kale kafupi kuliko wote, naye kakapishwa. Mlinzi bora wa mji huu! Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na ile video.

"Unafanya nini?" nikapiga kelele.

"Shikamoo mwalimu. Napisha." Hakuwa na kejeli hata kidogo. "Kwenye semina sikuelewa. Jumamosi ndiyo nilielewa."

Nikaweka mkoba chini, nikavua viatu, nikauchukua mpira. Filimbi nikaibana kwenye meno. "Simama hapo," nikamwambia. "Na ole wako ukisogea."

Akaweka miguu miwili chini. Nikaja na mwili wangu wote na umri wangu wote. Ngozi yangu yote iliniambia atapisha tu, huyu mtupu, mimi nina mzigo. Hakupisha. Niligonga kifua chake nikaanguka chali, mpira ukakimbilia mtaroni, na msichana mmoja akapiga ukunga, "Jamani, mwalimu kafa!"

Nikapuliza filimbi nikiwa chini vile vile. Nikapiga ngumi kwenye kiganja, ishara ambayo mikono yangu ilikuwa haiijui. Chaji. Kosa langu.

Wenzake wakacheka na kushangilia. Yeye akaja, akaniinua kwa mikono miwili kama mtu anavyomwinua mama yake, akanipangusa vumbi mgongoni.

"Asante, mwalimu," akasema. "Ila hiyo ilikuwa ya Jumamosi."