Chakula Chini ya Lenta

Juzi huko Nyaishozi, vijana waliotolewa vijiweni kufundishwa uashi waling'oa mbao zilizoshikilia lenta yao ya kwanza, ule mkanda wa zege juu ya mlango. Fundi wao akaweka sufuria ya ndizi na maharage chini yake.

"Kaeni mle. Msipokaa ninyi, nani atakaa?"

Hakuna aliyesogea. Binti mmoja alitazama juu, akamfungua mwanawe mgongoni, akaninyooshea mimi niliyekuja kutazama.

"Shikamoo mzee. Nishikie kidogo."

Akaketi chini ya lenta, akala. Mimi nilibaki nje na mtoto. Alipomaliza, akanyoosha mikono.

"Sasa nipe mwanangu." Akampakata palepale.

Nimekaa vikao vingi vya wakubwa wanaowajengea vijana maisha. Sijamwona aliyempakata mwanawe chini ya alichojenga.