Bi Kifuu Alipoitwa Kikaoni

Sisi tuliokulia Mbagala kabla televisheni haijatufikia tulikuwa na Jumamosi zetu. Asubuhi ni kufua sare za shule na kusugua ndala kwa mchanga. Mchana ni michezo ya rede na kombolela mpaka magoti yachubuke. Jua likishalegea, baada ya swala ya alasiri, unanunua muhogo wa kukaanga na chachandu kwenye karatasi ya daftari, unakimbilia uwanjani kuwahi nafasi ya mbele. Watoto wa leo nikiwahadithia kwamba tulikaa chini kutazama kifuu cha nazi kikizungumza, wananionea huruma. Wanadhani ilikuwa njaa.

Kile kifuu kilikuwa cha baba yangu, Fundi Shomari. Alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, na nyumba yetu nzima ilinuka sufi. Ukipiga chafya unatoa nyuzi. Magodoro ya sponji yalipojaa madukani, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kazi ikapungua, na mikono yake haikuzoea kukaa bure. Akachukua kifuu, akakitoboa macho na mdomo, akakishonea mwili wa kitambaa cha godoro, akamvisha kipande cha kanga chakavu ya mama. Akawa Bi Kifuu, bibi mkali, mbea, mwenye huruma. Baba alikaa nyuma ya kanga iliyofungwa kwenye miti miwili, mkono juu, na sauti iliyotoka pale hatukuwahi kuisikia nyumbani.

Kabla hajasema neno, uwanja mzima ulimwamkia. Hilo baba hakumfundisha mtu. Lilianza kwa sisi watoto, likafuata kwa mama zetu, mwisho hata watu wazima wenye mvi wakawa wanasema, "Shikamoo Bi Kifuu." Naye anakohoa kwanza, anajiweka sawa kanga, ndipo anaitikia, "Marahabaa," kama anayetoa sadaka.

Vikaragosi kwetu havikuwa mchezo wa watoto tu. Ulikuwa wakati watu wanakonda na kufa, na msibani tunaambiwa karogwa. Bi Kifuu ndiye wa kwanza niliyemsikia akiutaja ule ugonjwa kwa jina lake mbele za watu. Baba mwenyewe asingeweza, alikuwa na haya mbele ya wanawe. Tangu siku hiyo kina mama wakaanza kuja uani kwetu. Hawamsemeshi baba. Wanaomba Bi Kifuu atolewe, wanamnong'oneza kwenye kifuu: mume haonekani, dawa za zahanati zinapitia mlango wa nyuma. Baba anamshika tu, macho pembeni. Jumamosi inayofuata unayasikia yale yale, bila jina la mtu.

Mama hakuipenda hali hiyo. Alikuwa akisema, "Fundi, hao wanakutwisha mizigo yao. Siku ya kutua utakuwa peke yako." Baba anacheka. Mie sikucheka. Nilikuwa mtoto wa kusikiliza milangoni.

Ndipo yakaja mawe. Tulikwenda uwanjani kucheza tukakuta mawe ya mipaka yamesimikwa kila pembe, yana rangi mbichi. Ikasemekana uwanja umepata mwenyewe. Nani, hakuna aliyejua, ila watu waliamini kwamba Mzee Kondo, balozi wetu wa nyumba kumi, anajua. Ndiyo miaka vyama vingi vilipoanza kuzungumzwa, na kila mtu alikuwa anapima maneno. Hujui jirani yako kesho atakuwa upande gani. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza Mzee Kondo. Wakaja uani kwetu.

Jumamosi ile Mzee Kondo alikuwa amekaa mbele kwenye kiti chake cha kukunja, kama kawaida. Bi Kifuu akachungulia, akaitikia salamu, akasema, "Nimejikwaa na jiwe nikija. Mimi hapa nimezaliwa, sijawahi kuona mawe yanaota. Balozi, hili umelimwagilia wewe?"

Watu walicheka sana. Halafu kicheko kikakatika kote kwa pamoja, kama redio iliyoishiwa betri. Mzee Kondo alikunja kiti chake akaondoka.

Kuanzia hapo nyumba yetu haikuwa na raha. Gari likipunguza mwendo barabarani, mama anasimamisha mwiko. Tulikuwa tumesikia habari za watu waliochukuliwa kwa kusema. Mama alimpangia baba kikapu: shati, kanzu, mswaki, kikawekwa nyuma ya mlango. Nilipouliza baba anasafiri kwenda wapi, nilipigwa kofi, kisha nikakumbatiwa. Bi Kifuu mwenyewe mama alimficha. Alimshona ndani ya godoro letu sisi watoto. Nilimlalia, kichwa chake kikinigusa ubavuni, nikiogopa hata kujigeuza.

Siku ya nne akaja mjukuu wa Mzee Kondo. Kasema kuna kikao uwanjani baada ya alasiri, na anayeitwa ni Bi Kifuu. Mama akauliza kama ni fundi. Akajibu, "Hapana. Babu kasema Bi Kifuu mwenyewe. Fundi aje kumleta tu."

Mama alilifumua godoro, sufi ikitapakaa chumba kizima. Hakuna aliyeelewa maana ya wito ule. Baba alivaa lile shati la kwenye kikapu.

Uwanjani hakukuwa na kanga ya kujificha. Baba alikaa kwenye kigoda, Bi Kifuu mkononi, jasho linamtiririka. Watu wote tulimwona yeye na midomo yake, lakini sikumwona mtu aliyemtazama. Macho yalikuwa kwenye kifuu. Mzee Kondo alisimama. Alikuwa amekasirika, mshipa wa shingo umemtoka. Akanyoosha kidole kwa Bi Kifuu, akafungua mdomo, na kilichomtoka kilikuwa kile kile cha Jumamosi zote:

"Shikamoo Bi Kifuu."

Alishtuka mwenyewe. Kidole kikabaki hewani. Sisi tunajua, mtu ukishamwamkia mkubwa wako huwezi tena kumfokea, utaanzia wapi? Baba alichelewa kuitikia, nami nikadhani ameishiwa sauti. Kisha Bi Kifuu akakohoa.

"Marahaba mwanangu. Kaa. Umechoka."

Mzee Kondo akakaa. Hakuna aliyecheka.

"Mwanangu," Bi Kifuu akamuuliza polepole, "hayo mawe unayajua?"

"Yaliletwa na watu wa gari, Bi Kifuu. Sikuulizwa. Niliambiwa ninyamaze, nami nina watoto." Akatazama chini. "Sasa wewe unanisema mbele ya watu, na mie naogopa kama wao."

Baba aliinama. Bi Kifuu akanyoosha mkono wake wa sufi, akamgusa Mzee Kondo begani.

Nisiwadanganye, uwanja haukupona. Ulikuja kuzungushiwa ukuta, na leo ni maghala. Lakini baba hakuchukuliwa. Kikapu kilirudi kubebea mboga, na Mzee Kondo alikuja kumswalia bibi yangu alipofariki.

Baba tumemzika mwaka huu. Bi Kifuu nimekuja naye hapa kwangu Chanika. Binti yangu Rehema anamtaka. Anasema atamrekodi akimsema mwenyekiti wetu wa mtaa kuhusu barabara, watu watamwona nchi nzima kabla chai haijapoa. Namwamini. Vijana hawa wana ujasiri wa vidole. Lakini nawaza: zamani aliyesemwa alikuwa amekaa pale pale, kiti chake kinaonekana, na alianza kwa salamu. Huyu atakayesemwa kwenye simu atamwamkia nani? Na wakija kumtafuta aliyesema, hawatakiita kifuu. Godoro langu ni la sponji, halifichi kitu.

Nilimwambia Rehema kwanza amwamkie. Alicheka, akaona mama yake kazeeka vibaya. Kisha akakaa vizuri, akasema, "Shikamoo Bi Kifuu," akasubiri.

Mkono wangu ulikuwa ndani tayari. Kitambaa kilikuwa kimekaa umbo la vidole vya baba, na vyangu havikufika. Nilikohoa. Nikajiweka sawa kanga. Rehema bado anasubiri.