Miche Mitatu ya Shimo la Tatu

Tangu mvua ianze nimekuwa nikimfundisha mkaza mwanangu na rafiki zake wawili kupanda mahindi, hapa nyuma ya nyumba yangu, Garissa. Mimi ni mwalimu mkali, nakwambia mapema. Mtu akishika jembe kama anaua nyoka, namnyang'anya. Shimo liwe pingili mbili za kidole, mbegu tatu, funika kwa kiganja wala usikanyage. Miche ikifika shibiri moja, ng'oa miwili iliyo dhaifu, ubakishe mmoja. Wiki iliyopita tulikuwa tunapunguza hiyo miche, na mkaza mwanangu alipofika shimo la tatu kutoka kwenye ua, nikamshika mkono.

"Mama, hapa umesahau," akaniambia. Nikamwambia aliache shimo hilo lilivyo. Wale wawili wakatazamana, na najua walivyofikiri: bibi kazeeka. Lakini wewe tumejuana siku nyingi, nitakueleza.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Ilikuwa ile miaka ya vita, serikali na shifta, wale wapiganaji wa porini, na sisi wafugaji tukaambiwa tutoke porini, tukae kijiji kimoja kilichozungushiwa seng'enge kando ya mto Tana. Baba alibaki na ngamia, na hatukujua yuko wapi. Hilo peke yake lilitosha kutufanya tushukiwe. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mtu wangu alikuwa ayeyo, bibi yangu mzaa baba. Kwetu bibi humwita mjukuu kwa jina hilo hilo, basi tulikuwa ayeyo wawili ndani ya kibanda kimoja.

Ukitaka kujua hofu ina sauti gani, mimi nitakwambia ni filimbi. Filimbi ya asubuhi ilifungua lango, ya alasiri ililifunga, na anayekutwa nje baada ya hapo hakuulizwa swali. Maziwa hayakuwepo tena. Tulikula uji wa unga wa njano, mchungu kidogo, unaonuka gunia. Mtoto wa mama alilia kutwa, kisha akaanza kulia kwa sauti ndogo, na hiyo ndogo ilimtisha mama zaidi.

Ndipo jirani yetu alipowaita wanawake. Alikuwa mama wa watu wa mtoni, aliyezaliwa akilima, na mbegu zake alizificha kwenye pindo la leso. Alipata ruhusa ya kipande cha ardhi kati ya seng'enge na maji. Sijui kama umewahi kumwona mfugaji akishika jembe mara ya kwanza. Ayeyo alichimba shimo la kuzika mbuzi mzima. Jirani alicheka mpaka akakaa chini, akamshika kidole na kukizamisha udongoni. "Hapa. Pingili mbili. Mbegu si maiti, mama." Wanawake wakacheka, na naapa hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu tuingie pale.

Sasa kosa langu. Njiani kwenda mtoni nilikuwa nimeokota ganda la risasi. Watoto wote waliyapenda maganda hayo, maana ukilipuliza kwenye mdomo wake linalia vizuri. Lakini baba mmoja wa kibanda cha nyuma yetu alikutwa na ganda kama hilo mfukoni, akachukuliwa, na mke wake alikuwa bado anaangalia lango. Asubuhi ile tukiwa shambani, nikasikia kelele za msako vibandani, na ganda likiwa limefungwa kwenye nguo yangu. Nilikuwa nimepewa kazi ya kufunika mashimo. Kwenye shimo la tatu nikalisukuma ganda chini ya mbegu, nikafunika kwa kiganja, kama nilivyofundishwa. Sikumwambia mtu.

Siku ya tatu wakaja askari wanne na mkubwa wao. Lori lao moja lilikuwa limelipuliwa na bomu la kutegwa kwenye barabara ya Liboi, na udongo wowote uliochimbwa upya uliwatia wasiwasi. Niliona kwenye macho yao, wao pia waliogopa. Walisimama mbali, bunduki zimeelekezwa kwetu.

"Nani mwenye hii mistari?" mkubwa akauliza.

Ayeyo akajitokeza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, na "pe" aliitamka "be". "Mimi, afande. Hii mahindi. Mahindi beke yake."

"Fukua. Kwa mkono. Moja moja."

Akapiga magoti. Shimo la kwanza akatoa mbegu tatu, zimeanza kuchipua, akaziinua kiganjani ili wazione, akazirudisha. La pili, vivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na mkojo ukanishuka miguuni.

Kwenye la tatu mkono wake ulisimama. Kidogo sana. Kisha akatoa mbegu, akahesabu kwa Kisomali kwa sauti, moja, mbili, tatu, akaziinua juu zaidi kuliko mwanzo. Udongo ulikuwa unadondoka kati ya vidole vyake. Akazirudisha, akafunika, akasogea la nne. Akafukua mistari yote miwili, mpaka kucha zikatoka damu, na mkubwa akachoka kuangalia. Walipoondoka ayeyo hakunyanyuka mara moja. Alibaki pale pale kwa magoti, midomo ikisoma dua.

Nilingoja kipigo. Hakikuja. Aliniambia tu, "Ayeyo, shimo lile ni lako. Utalimwagilia wewe." Kila asubuhi nilibeba kopo, nikamwaga maji juu ya kosa langu.

Mbegu zote tatu zikaota. Jirani alipokuja kutufundisha kupunguza, akainama pale. Ayeyo akamzuia.

"Mitatu itagombania maji," jirani akasema. "Ng'oa hiyo dhaifu."

"Sisi kwetu mtoto dhaifu ananyonyeshwa," ayeyo akajibu. "Hang'olewi."

Wanawake wakacheka tena, mfugaji ni mfugaji tu. Mimi na ayeyo peke yetu tulijua kwamba mzizi ungetoka, ganda lingetoka nao mbele ya mnara wa askari.

Miche ile ilikua myembamba, ikabananishana, ikatoa hindi moja fupi. Ayeyo alilichoma. Punje za kwanza alimtafunia mtoto wa mama, akamlisha kwa kidole chake. Nusu ya hindi akanipa mimi. "Kula," akasema. "Halafu usahau." Mabua aliyakata, hakuyang'oa.

Kijiji kilivunjwa baadaye. Jirani alirudi kwao chini ya mto, hatukumwona tena. Baba alirudi bila ngamia hata mmoja. Ayeyo alifariki bila kulitaja ganda lile tena, na mto umekula ule ukingo wote. Nilikwenda kuangalia mwaka fulani, nikakuta maji ya udongo yanapita pale nilipokuwa nasimama na kopo.

Yule mtoto aliyekuwa akilia kwa sauti ndogo ndiye kaka yangu anayenipigia simu kila Ijumaa. Hajui lolote. Ayeyo aliniambia nisahau, na katika yote aliyoniamuru, hilo tu sikuliweza. Kwa hiyo kila msimu nawafundisha watu kung'oa miche, kisha lile shimo la tatu naliacha na yote mitatu, na kila asubuhi nalimwagilia mwenyewe.